Dalia za Mkunga na Kuku wa Saa Kumi

Dirisha la chumba changu cha kushonea linatazama uwani kwa jirani, na naanza na dirisha hilo kwa sababu ndilo lililoniponza. Mimi ni fundi cherehani. Mtu wa kazi yangu hukaa mahali pamoja kutwa nzima, mguu kwenye pedali na jicho kwenye kitambaa, na kila uzi ukikatika hunyanyua kichwa. Nikinyanyua kichwa naona ukuta unaonifika kifuani, na ng'ambo ya ukuta naona uwanja wa nyuma wa Fundi Saa na mkewe. Nimenyanyua kichwa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Ya uwanja ule nayajua kuliko ya jikoni kwangu.

Fundi Saa alitengeneza saa za mkononi na za ukutani sebuleni kwake, kwenye meza ndogo karibu na mlango wa mbele, kioo chake cha jicho kikining'inia shingoni kwa kamba. Mkewe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watoto wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake, wangu wawili wakiwemo, na ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mumewe alimwita Mkunga, naye akamwita mumewe Fundi. Mgeni akiwasikia alidhani ni watu waliokutana kikazi asubuhi ile, kumbe walikuwa wameoana miaka thelathini na minne.

Walipendana, hilo niliseme mapema. Lakini Mkunga alipenda maua na Fundi alipenda kuku, tena kuku wa kutembea. Alisema kuku wa kufungiwa hutaga yai lenye huzuni. Sasa mweke mtu wa maua na mtu wa kuku katika uwanja mmoja wa hatua ishirini kwa kumi na tano, uone kitakachotokea. Kuku hawezi kuona udongo laini akaupita. Atauchakura, ataulalia, atajirushia vumbi, na mche uliopandwa asubuhi utaukuta mchana umelala chali. Miaka ya kwanza, kwa jinsi Mkunga mwenyewe alivyonisimulia, walinuniana mpaka majirani wakaingilia kati. Baadaye wakaelewana, na maelewano yao ndiyo niliyoyakuta nilipohamia.

Kuku walifunguliwa saa kumi kamili jioni, si dakika kabla. Fundi alivua kioo cha jicho, akatoka uwani, akafungua banda, na kuku wakatoka wakimfuata jogoo tuliyemwita Mkaguzi kwa jinsi alivyopita katikati ya maua kifua mbele kama mtu aliyetumwa na wizara. Walikula konokono, wakala viwavi, wakaokota mbegu zilizoanguka, na giza lilipoanza kuingia wakarudi wenyewe kulala. Muda ule ulitosha kuku kusafisha bustani lakini haukutosha kuifukua. Miche midogo ilifunikwa kwa chandarua kikuukuu kilichobanwa na matofali. Mashina makubwa yalizungushiwa mawe ili ukucha usifike mizizini. Na chini ya kamba ya nguo Fundi aliwachimbia kuku wake shimo la majivu na mchanga la kuogea, wasije wakaoga kwenye tuta la mwenye nyumba, maana hivyo ndivyo alivyomwita mkewe maua yakitajwa. Mimi mwenyewe sikuhitaji redio kujua saa. Niliposikia mlango wa banda ukilia, nilibandika chai.

Kulikuwa na kitu kimoja tu Fundi hakuruhusiwa kukigusa, nacho ni pipa la bluu lililokaa pembeni mwa banda. Kila Jumamosi Mkunga alifagia kinyesi cha kuku, akakichanganya na majani makavu, akakitia pipani na kuandika mwezi kwa chaki kwenye kifuniko. Kilikaa humo miezi sita. Kisha alifunua, akaingiza mkono, akanusa, na kama kimeiva akakipeleka kwenye maua kwa sahani. Siku moja Fundi alitaka kumsaidia, akashika kifuniko. Mkewe akamuuliza, kwa upole kabisa, kama yeye amewahi kumshikia saa ya mteja. Fundi akacheka, akaachia. Tangu hapo hakulisogelea tena, wala hakuwahi kuuliza kwa nini mambo ya pipani huchukua muda wote huo. Kwake lilikuwa ghala tu.

Mimi niliambiwa. Mkunga alinieleza tukiwa ukutani, akila chungwa, kwamba mbolea ya kuku ikiwa mbichi ni moto mtupu, inaunguza mzizi kama maji yanayochemka. Inabidi iachwe ipoe yenyewe. Nilimsikiliza kwa sikio moja, kwa kuwa mimi sina bustani ila makopo mawili ya mchicha, lakini nilisikia.

Sasa kuna kuku mmoja jike tuliyemwita Mtalii, kwa sababu alivuka mipaka bila kibali. Mtalii aliruka ukuta alipojisikia. Alinilia mchicha mara tatu nikanyamaza. Mara ya nne aliingia chumbani kwangu nikiwa nimetandaza gauni la harusi la mteja kwenye mkeka, satini nyeupe, napima pindo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alilitembea lile gauni kutoka kiunoni mpaka mwisho wa mkia, pole pole, kama bibi harusi mwenyewe. Nikambeba kuku mkono mmoja na gauni mkono mwingine, nikaenda kwa Fundi Saa. Fundi akavaa kioo chake cha jicho, akazikagua zile nyayo za matope moja moja, akasema angalau zimeachana kwa nafasi sawa.

Alitaka kunichekesha. Siku nyingine ningecheka. Lakini harusi ilikuwa kesho kutwa, na mimi nilisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hamwambii mtu wa umri wake. Nilimwambia mwanaume anayetawaliwa na kuku asijifanye fundi. Akavua kioo, akaniangalia, akarudi kwenye saa zake. Nililifumua lile gauni nikakata kitambaa upya, sikulala siku mbili, na tangu hapo shikamoo yangu kwake ilipitia kwenye meno.

Hata mwezi haukuisha, Mkunga akaanguka bafuni.

Ilikuwa tumbo, na kumbe lilikuwa likimsumbua muda mrefu akijikaza. Madaktari walimpasua wakamfunga tena siku hiyo hiyo, na wote tuliomjua tukaelewa maana yake, yeye wa kwanza. Binti yao, mwalimu katika mji mwingine, alikuja akakaa naye hospitalini. Fundi alikwenda asubuhi na mchana, akarudi kila siku kabla ya saa kumi kufungua kuku, kisha akaenda tena.

Chini ya dirisha la chumba cha kulala Mkunga aliacha dalia kumi na mbili, maua yanayoota kutoka viazi kama vya mhogo, zikiwa na vichwa vilivyofumba. Zilikuwa dalia za aina yake, nyekundu iliyokolea mpaka karibu na weusi, alizozitunza kutoka kiazi kimoja alichopewa na mzazi mmoja miaka ya nyuma kama shukrani. Maua mengine aliyapenda. Hizi alizilinda kwa wivu. Kila nilipokwenda kumtazama nilimkuta anamuuliza mumewe neno lile lile, kama mtu anayemuulizia mtoto aliyemwacha nyumbani na homa.

"Zimechanua?"

"Zinakaribia," Fundi alijibu.

Kisha daktari akasema hakuna zaidi la kufanya, wiki mbili zikipita kidonda kikikauka arudishwe nyumbani akakae na watu wake. Mkunga hakulia. Alisema vizuri, atazikuta dalia. Fundi akatoka nje ya wodi, akasimama koridoni akiangalia saa yake kwa muda mrefu, na mimi niliyesimama karibu naye sikumwambia neno, kwa sababu bado nilikuwa na kinyongo cha gauni. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, uzi wangu ukakatika nikanyanyua kichwa. Fundi alikuwa akitoka bandani na koleo. Lilikuwa limejaa kinyesi kibichi, cha usiku ule ule, bado kinang'aa. Alikipeleka kwenye dalia ya kwanza, akapiga magoti, akakizungusha karibu kabisa na shina kwa uangalifu ule ule aliotumia kwenye skrubu ndogo za saa. Akarudi bandani. Akaleta kingine. Alikuwa anataka zichanue haraka. Hakuhitaji kunieleza; mgongo wake ulieleza. Alikuwa ameona mkewe akilisha maua kwa kinyesi cha kuku miaka thelathini na minne, na sasa mkewe hayupo na siku ni chache, basi akazilisha yeye, tena kwa wingi.

Mguu wangu uliacha pedali. Kutoka kwenye kiti changu mpaka ukutani ni hatua saba. Neno moja lingetosha, wala nisingehitaji kupaza sauti. Nikasema moyoni: mwache, ashike adabu. Nikajitia hamnazo nikatunga uzi. Ilikuwa roho mbaya, sina jina jingine la kuipa. Alipofika dalia ya kumi na mbili nilikuwa nimeshamaliza mkono mzima wa blauzi, na mshono ulikuwa umenyooka.

Siku ya pili nilijiambia labda hazitadhurika. Siku ya tatu majani yakawa kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Ningeweza bado kumwambia aizoe ile mbolea, amwage maji mengi, ajaribu. Lakini sasa ingebidi nieleze kwa nini sikusema mapema, na kila saa iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi. Fundi alidhani ni kiu, akamwagilia asubuhi na jioni. Akadhani ni jua, akafunga shuka kwenye kamba kuzitia kivuli. Jumanne ya pili dalia zote kumi na mbili zilikuwa zimesimama kavu, vichwa vyake vimefumba, vyeusi kweli sasa.

Alasiri hiyo nilikwenda hospitalini na chupa ya uji. Mkunga aliuliza.

"Zimechanua," Fundi akasema.

Hakuniangalia, nami nikajishughulisha na kifuniko cha chupa. Mkunga alifumba macho, uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Akasema basi wampeleke nyumbani akazione, asingoje kidonda. Binti yake akapanga iwe keshokutwa.

Kesho yake jioni nilisikia hodi. Fundi Saa alikuwa hajakanyaga mlango wangu tangu siku ya gauni. Alisimama na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na dalia za kukatwa, kutoka kwa wauza maua, nyekundu ya kawaida ya kung'aa. Aliniambia amezunguka mji mzima, zile za weusi hazipo. Halafu akasema lililomleta.

"Mwanangu, wewe una mkono mwepesi. Nisaidie kuzishona kwenye mashina."

Asubuhi na mapema tulipiga magoti pamoja chini ya dirisha. Tuliondoa mawe ili tufike kwenye mashina. Nilikuwa na sindano ndefu na uzi wa kijani nilioupaka nta, uzi wa kushonea mabegi. Alishikilia ua kwa kibano chake cha kazi, nami nikazungusha uzi mara nne, nikapitisha sindano, nikakaza fundo, nikalificha kwa jani la zinia, ua jingine la bustani ile, lililobaki zima. Mikono iliyozoea kurudisha springi nyembamba kama unywele iliangusha ua mara mbili, nikamwambia apumzike. Hakupumzika. Tulipofika ua la saba alisema, bila kuulizwa, kwamba hajui amekosea wapi. Maji alizipa. Kivuli alizipa. Chakula alizipa.

Pale pale ilikuwa nafasi yangu. Nikasema labda ni wadudu. Akatikisa kichwa kukubali, akasema huenda, maana kuku hawakuwa wakila vizuri siku zile, nao wana majonzi yao.

Mkunga aliletwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Walimbeba na kiti mpaka dirishani, binti akaenda jikoni, nami nikabaki kumshikia kikombe. Alizitazama zile dalia muda mrefu sana. Fundi alisimama nyuma ya kiti ameshika mgongo wake kwa mikono miwili.

"Nzuri," Mkunga akasema, na nikamsikia Fundi akishusha pumzi.

Akalala hapo hapo kitini. Tulidhani tumevuka. Fundi hakukusudia kufungua kuku siku ile, tulikubaliana hivyo. Lakini sebuleni kwake kulikuwa na saa za ukutani tisa za wateja, na zote alizirekebisha zigonge kwa pamoja. Zilipogonga saa kumi, Mkunga alifumbua macho.

"Fundi," akasema. "Kuku."

Akajibu kwamba leo wapumzike. Mkunga akamtazama, akauliza kuku wamechoka na nini. Fundi akatoka kwa shingo upande, na nikasikia mlango wa banda ukilia.

Mawe tulikuwa hatujayarudisha, na mbolea mbichi ilikuwa imejaa funza. Mkaguzi hakufika hata katikati ya uwanja. Mtalii alimpita mbio, akaja moja kwa moja chini ya dirisha, akachakura mara mbili, shina likaegama. Kisha akaona ncha ya uzi wa kijani. Akadhani ni mnyoo. Akaivuta akirudi kinyumenyume, ua likadondoka kichwa chini, likaning'inia, na kuku wengine wakaja kugombania uzi. Fundi alikuwa akiwaswaga kwa mikono, anawapigia kelele za chini chini kama mtu asiyetaka kusikika. La pili likaanguka. La tatu.

Nikasikia sauti, nikadhani ni kikohozi. Mkunga alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, kicheko kikageuka maumivu, nikampa maji akayakataa.

"Nani ameshona maua yangu?" akauliza, na kabla sijajibu akaongeza, "Umenishonea sare miaka kumi. Fundo lako nalijua."

Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Zilikufa, mama. Fundi alizimwagia mbolea mbichi ili zichanue uzikute. Nilimwona tangu koleo la kwanza. Nilijua itaziunguza. Nilikuwa na hasira naye ya lile gauni, nikanyamaza."

Nje Fundi alikuwa ameinama anaokota petali kutoka matopeni na kuziweka kwenye kiganja. Mkunga alimwangalia yeye, hakuniangalia mimi.

"Anajua kwamba ni mbolea?"

"Hajui. Anadhani ni maji, au wadudu."

"Basi usimwambie. Akijua ni mkono wake, hatalala tena mtu yule."

Nikaahidi. Kisha alisema, kwa sauti ambayo ilinibidi niinamie kuisikia, kwamba kosa ni lake pia. Miaka yote alimfukuza kwenye pipa lile. Watoto wa watu aliwapokea wakaenda zao, nyumba ilikuwa ya mume, kuku wa mume, saa za mume zikimgongea kichwani, naye alitaka kitu kimoja ambacho yeye peke yake ndiye anayekijua. Aliona ni kitu kidogo. Halafu akaniomba nimwinue mto. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Fundi aliingia na petali kiganjani, ametota matope magotini. Alifungua mdomo kueleza. Mkewe akamkatiza, akamwambia ameziona, imetosha, aje akae. Akakaa sakafuni kando ya kiti, na mimi nikatoka.

Mkunga alifariki siku ya tisa, asubuhi, binti yake akimchana nywele. Siku mbili kabla alimwambia Fundi kwamba chini ya kitanda kuna boksi la viatu, ndani yake mchanga mkavu na viazi vitatu vya zile dalia, akiba yake ya kila mwaka. Avipande mvua ikianza. Kuhusu mbolea hakumwambia. Sijui kama alisahau au aliona kusema ni kumfunulia kosa lake. Nimewaza hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani na sijapata jibu.

Binti alimsihi baba yake waondoke pamoja, Fundi akakataa, akauliza nani atafungua kuku. Alibaki peke yake na saa zake. Miezi mitatu mvua haikunyesha. Kila jioni alifungua banda saa kumi, akasimama na fimbo kando ya tuta lile tupu, akiwazuia kuku wasichakure udongo ambao haukuwa na kitu. Nilimwona kila siku. Wakati mwingine nilibandika chai nikasahau kuinywa.

Mvua ilipokuja alivipanda vile viazi vitatu, akavizungushia mawe, akavifunika chandarua. Siku zikapita, vichipukizi vikatoka, vikafika urefu wa shubiri, vinene, vya kijani iliyoiva. Fundi alipungua mwili lakini siku hizo alianza tena kuvaa kioo chake cha jicho, na aliwahi kuvitazama vile vichipukizi kwa kioo hicho, akiwa amelala kifudifudi kwenye unyevu.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro kidogo. Nilisikia mlango wa banda ukilia mapema, nikanyanyua kichwa. Fundi alitoka bandani, akarudishia mlango, na mkononi alikuwa na koleo. Lilikuwa limejaa, na linang'aa.

Nilikuwa nimemwahidi marehemu. Nilisema hivyo kimoyomoyo, nimeahidi, nimeahidi, huku naye anatembea. Nikinyamaza natunza ahadi na zile tatu zinakufa, na hakuna nyingine duniani. Nikisema, anajua. Alikuwa ameshaondoa chandarua. Alikuwa ameshapiga goti moja.

Sikumbuki zile hatua saba. Nakumbuka ukuta ukinikwaruza viwiko.

"Baba, subiri. Usimwage."

Akanyanyua uso. Nikamwambia hiyo ni mbichi, itaziunguza, inatakiwa kukaa kwenye pipa miezi sita kwanza, ndivyo Mkunga alivyokuwa akifanya. Nilisema haraka haraka, nikitumaini haraka itamzuia asifikirie. Lakini yule alikuwa mtu wa kufungua saa iliyosimama na kutafuta jino gani limevunjika. Aliangalia koleo. Akaangalia vile vichipukizi. Kisha akaangalia udongo ulio pembeni yake, mahali zile kumi na mbili zilipokuwa, akatulia hapo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Akasimama, akalibeba koleo mpaka kwenye pipa la bluu, akakaa kidogo mbele ya kile kifuniko chenye chaki ya mkewe, halafu akakifunua. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa kitu cheusi, kikavu, kinachomomonyoka. Akakinusa.

"Na hii?"

"Hiyo imeiva," nikasema. "Ilikuwa imeiva hata wakati ule."

Pipa lilikuwa hatua nne kutoka dirishani kwake. Alipima umbali ule kwa macho. Akarudisha udongo ule pipani taratibu, akauchambua ukaisha vidoleni, na bila kugeuka akaniuliza kama ile Jumanne nilikuwa nimekaa pale ninapokaa siku zote. Nikasema nilikuwa nimekaa pale pale. Akauliza kama nilikuwa najua. Nikasema nilijua.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alifunika pipa, akaegemeza koleo ukutani kwa banda, akajifuta mkono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Ungeniita tu, mwanangu," akasema.

Ndani, saa zote tisa zilikuwa zimeshagonga, na hakuna kati yetu aliyezisikia. Kuku walikuwa wakidonoa mlango wa banda. Aliurudisha uzio wa mawe kwenye dalia tatu, akafunika chandarua, akabana matofali pembe zote nne. Kisha akaenda kuwafungulia. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.